Baath: chama cha walimu kilichoingia Ikulu kwa vifaru

Aliyekuwa akifuatilia habari za dunia redioni miaka ya 1980 bila shaka aliwahi kukwama mahali hapa. Iraq ya Saddam Hussein inapigana na Iran. Syria ya Hafez al-Assad inaiunga mkono Iran. Na mtangazaji yuleyule anakueleza kwamba Baghdad na Damascus zote zinatawaliwa na chama kinachoitwa Baath, ambacho hoja yake kuu ni kwamba Waarabu ni taifa moja lililochanwa vipande na wakoloni na sharti liunganishwe. Sasa inakuwaje chama cha umoja wa Waarabu kishike upande wa Waajemi dhidi ya Waarabu, tena Waarabu wenye kadi ya chama hichohicho? Kufika 1991 mambo yakazidi kuchanganya: askari wa Syria wamepiga kambi Saudi Arabia pamoja na Wamarekani, wamekuja kumtoa Saddam Kuwait.

Wengi huishia kusema Assad na Saddam walichukiana tu, basi. Walichukiana kweli. Lakini chuki hiyo ilipikwa kabla hawajawa marais, na jiko lenyewe ni ile njia ambayo Baath ilipitia kufika madarakani.

Tuanze na jina. Baath si neno geni kwa mtu aliyepita madrasa: ni kule kufufuliwa kwa wafu, jambo ambalo kila mtoto hufundishwa kuliamini. Kaulimbiu ya chama, wahda, hurriya, ishtirakiya, Mswahili anaweza kuikisia bila mkalimani. Wahda ni umoja. Hurriya ni ndugu wa damu wa uhuru. Ishtirakiya ni wa ukoo mmoja na shirika na ushirika, na wao waliitumia kwa maana ambayo Kiswahili kiliipa neno ujamaa. Hata hizb, yaani chama, wazee wa Unguja na Pemba wanalijua vizuri, kwa kuwa Hizbu ndilo jina walilokiita ZNP, kile chama cha siasa cha Zanzibar cha kabla ya mapinduzi.

Waasisi wawili wanaotajwa zaidi walizaliwa mtaa mmoja wa Damascus, Midan, katika familia zilizofanya biashara ya nafaka. Michel Aflaq, wa 1910, alikuwa Mkristo wa Orthodoksi. Salah al-Din al-Bitar, wa 1912, alikuwa Muislamu wa Sunni. Urafiki wao ulikolea Paris walipokuwa wanafunzi wa Sorbonne, na waliporudi nyumbani, Syria ikiwa bado chini ya Ufaransa, wote wakawa walimu wa sekondari mjini Damascus: Aflaq akisomesha historia, Bitar akisomesha hesabu na fizikia. Mwaka 1942 wakaacha chaki na kuingia siasa moja kwa moja.

Yuko mwalimu wa tatu, na msomaji amweke akilini kwa sababu tutamrudia. Zaki al-Arsuzi alikuwa Mualawi, yaani wa dhehebu dogo lililochipuka katika Ushia, kutoka mkoa wa Alexandretta, ambao Wafaransa waliuachia Uturuki mwaka 1939. Alihamia Damascus na wanafunzi wake wachache, amenyang'anywa mji, mkono mtupu. Yeye na Aflaq hawakupikika chungu kimoja. Baath ilipofanya mkutano wake wa kuanzishwa, tarehe 4 hadi 7 Aprili 1947, katika mkahawa wa Rashid mjini Damascus, walihudhuria watu kama 200. Arsuzi hakwenda. Walikwenda wanafunzi wake, wakiongozwa na daktari kijana wa Latakia, Wahib al-Ghanim.

Chama cha walimu huenea kiwalimu. Kijana wa kijijini anakuja mjini kusoma, anakutana na mwalimu anayemwambia kwamba yeye si Mualawi wala Mdruzi wala Mkristo kwanza, bali ni Mwarabu, na kwamba umaskini wa baba yake haukuandikwa mbinguni. Likizo ikifika anarudi kwao na maneno hayo. Kwa watoto wa madhehebu madogo mvuto ulikuwa mkubwa zaidi: huyu alikuwa mtu wa kwanza kuwaambia kwamba Syria ni yao sawasawa na ya matajiri wa Kisunni wa Damascus na Aleppo. Hafez al-Assad, mtoto wa Qardaha kwenye milima ya Waalawi, alijiunga akiwa na miaka 16, kabla hata mkutano wa mkahawani haujafanyika.

Kilichokosekana ni watu wa jembe, na hao waliletwa na Akram al-Hawrani wa Hama. Huko familia chache, kina Barazi, kina Azm, kina Kailani, zilimiliki vijiji vingi pamoja na ardhi yake, na mkulima alibaki na sehemu ndogo ya alichovuna. Hawrani hakuwa mtu wa nadharia. Alijua kupanga watu, na alijua maofisa wa jeshi kwa majina yao. Chama chake kilipoungana na kile cha Aflaq na Bitar mwaka 1952, ndipo neno "Ujamaa" likaingia rasmi katika jina: Chama cha Baath cha Ujamaa wa Kiarabu.

Hapo kwenye maofisa ndipo penye kisa.

Katika maandishi yake Aflaq alipenda neno inqilab, ambalo maana yake ya asili ni kitu kugeuka, chini kikawa juu. Sisi tunasema mapinduzi, kutoka kupindua, na picha ni ileile. Aflaq alikusudia kupinduka kwa nafsi, Mwarabu aamke ndani yake kama aliyefufuliwa. Vijana waliovaa magwanda walilichukua neno kwa wepesi zaidi: vifaru mbele ya kituo cha redio kabla ya alfajiri. Kiarabu cha siasa baadaye kikazoea kutenganisha, thawra kwa mapinduzi ya umma, inqilab kwa yale ya wanajeshi. Kiswahili hakijisumbui, yote ni mapinduzi tu, na Baath nayo ilikuja kufanya hivyohivyo: ilichukua madaraka kwa vifaru tarehe 8 Machi 1963 na kuiita siku hiyo thawra, ikawa sikukuu ya taifa.

Lakini jeshi lilifikaje kuwa mlango wa siasa? Baada ya kushindwa Palestina mwaka 1948, Syria ilipinduliwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja wa 1949: Husni al-Zaim mwezi Machi, Sami al-Hinnawi Agosti, Adib al-Shishakli Desemba. Zaim alimtia Aflaq gerezani, na Aflaq akamwandikia barua ya kumuunga mkono, barua iliyomfuata kama kivuli maisha yake yote. Hinnawi akamfanya waziri wa elimu. Yaani ndani ya mwaka mmoja mwanafalsafa wa chama alionja jela na uwaziri, vyote kutoka mkono wa askari. Shishakli alipoondolewa mwaka 1954 na uchaguzi ukaitishwa, Baath ilipata viti takriban 20 kati ya 142. Si haba kwa chama cha vijana, ila kwa hesabu hiyo hukamati nchi.

Nchi ilikuwa ikikamatwa kwingine. Watoto wa matajiri waliliona jeshi kuwa kazi duni. Chuo cha kijeshi cha Homs hakikutoza ada, kilitoa chakula, malazi na cheo, kwa hiyo kikajaa watoto wa vijijini, wengi wao Waalawi, Wadruzi na Waismailia, ambao baba zao hawakuweza kulipia chuo kikuu. Assad mwenyewe alitamani udaktari. Pesa hakuna, akaenda urubani. Hakuna aliyekaa akapanga jambo hili. Vijana walewale waliokuwa wamelishwa maneno ya Baath shuleni ndio waliokuwa wakipanda vyeo jeshini, na baada ya miaka kumi hivi walikuwa na mikono juu ya mizinga.

Sasa tunafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, chama kilijiua chenyewe. Januari 1958 kundi la maofisa wa Syria walipanda ndege kwenda Cairo kumwomba Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aunganishe nchi zao. Hawakuomba ruhusa ya serikali yao. Bitar, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akafuata kukamilisha kile ambacho tayari kilikuwa kimefanywa. Baath iliutaka muungano huo kwa imani, na pia kwa hofu, kwa kuwa wakomunisti walikuwa wakipata nguvu Damascus na kumvuta Nasser kulionekana njia ya kuwazuia. Nasser hakuwa na haraka. Alitoa masharti: jeshi litoke kwenye siasa, na vyama vyote vivunjwe. Vyote, Baath ikiwemo. Aflaq na wenzake wakakubali, wakidhani watakuwa washauri wa Nasser, akili yake, naye awe misuli.

Nasser alikuwa na akili yake. Hawrani akapewa umakamu wa rais usio na kazi, na kufika mwisho wa 1959 mawaziri wa Baath walikuwa wamejiuzulu kwa uchungu. Waliporudi kwa wafuasi wao walikuta matawi yamekauka. Chama ambacho hakikushindwa na mkoloni wala na dikteta kilikuwa kimefungwa kwa saini ya viongozi wake.

Wakati huohuo, Cairo, maofisa wa Syria wenye asili ya Baath walikuwa wamehamishiwa huko, mbali na vikosi vyao, hawana la kufanya ila kukaa na kuzungumza. Watano kati yao wakaunda kamati ya siri: Muhammad Umran, Salah Jadid na Hafez al-Assad, wote Waalawi, Abd al-Karim al-Jundi na Ahmad al-Mir, wote Waismailia. (Jundi alitoka Salamiyah, mji ambao Waismailia wake wengi ni wafuasi wa Aga Khan, kama wale tunaowajua Afrika Mashariki.) Walijiita Kamati ya Kijeshi. Aflaq hawakumwambia. Machoni pao yeye ndiye aliyekiuza chama, kwa hiyo mtu aliyekiuza hana haki ya kujua kinavyokombolewa.

Muungano ulivunjika tarehe 28 Septemba 1961, maofisa wa Damascus walipowafukuza Wamisri. Na ona jinsi viongozi wa chama cha umoja walivyofanya: Hawrani na Bitar walitia saini tamko la kuunga mkono kujitenga. Bitar alijuta baadaye na kujitoa, ila wino ulikwishakauka. Wanachama wa kawaida walibaki wameduwaa. Kamati nayo ilifukuzwa jeshini na watawala wapya. Assad akapelekwa kufanya kazi ya ofisini serikalini, idara ya usafiri wa baharini.

Karani huyo wa meli ndiye aliyekuja kutawala miaka 30.

Mwaka 1963 uliwakuta Baath wa Iraq mbele ya wenzao. Ijumaa ya tarehe 8 Februari, mwezi 14 Ramadhani, walimpindua mtawala wa nchi, Abd al-Karim Qasim, kwa msaada wa wanajeshi. Qasim aliuawa kesho yake na maiti yake ikaonyeshwa kwenye televisheni ili watu waamini. Vijana wa chama waliovaa vitambaa vya kijani mikononi wakaanza kuwasaka wakomunisti nyumba kwa nyumba, na waliouawa walikuwa wengi mno. Utawala huo ulidumu miezi tisa. Viongozi waligombana wao kwa wao, na mwezi Novemba Abdul Salam Arif, yule waliyemweka kuwa rais wa heshima, akalitumia jeshi kuwatupa nje.

Damascus ilifuata mwezi mmoja baada ya Baghdad, usiku wa kuamkia 8 Machi. Kwa nje aliyeongoza alikuwa Ziad al-Hariri, ofisa asiye na chama, aliyeleta kikosi kutoka mpaka wa Israeli. Wapenzi wa Nasser walikuwemo pia. Baath yenyewe wakati huo, baada ya kuvunjwa na kuokotezwa upya, ilikuwa na wanachama kamili mamia tu nchi nzima. Lakini tazama Kamati ilielekea wapi asubuhi ile. Assad alikwenda kuuteka uwanja wa ndege za kivita wa Dumayr. Na Salah Jadid, husimuliwa, aliingia mjini kwa baiskeli, akaenda moja kwa moja kukalia ofisi inayoshughulikia mambo ya maofisa.

Baiskeli ile inaeleza mengi kuliko vifaru vya Hariri. Ofisi ile ndiyo inayoamua nani apandishwe cheo, nani ahamishiwe jangwani, nani astaafishwe kesho asubuhi, nani aitwe kutoka akiba. Mwenye kalamu hiyo hahitaji kumpindua mtu, anamhamisha tu. Ndani ya miezi michache mamia ya maofisa waliondolewa, na nafasi zao zikajazwa na watu wanaoaminika. Na katika jeshi lenye hofu, anayeaminika ni ndugu, mtu wa kijijini, mtu wa dhehebu. Ilipofika Julai wapenzi wa Nasser wakajaribu kupindua, tarehe 18, mchana kweupe, wakapigwa vibaya. Hariri alikuwa ameshaondolewa. Mazungumzo ya kuungana na Misri na Iraq, yaliyotiwa saini Cairo mwezi Aprili, yakafa bila hata kuzikwa.

Aflaq na Bitar walirudi kama wazee wa heshima. Bitar akawa waziri mkuu. Kwa miaka mitatu walijaribu kuwakumbusha maofisa kwamba chama ndicho kinachoamuru jeshi, nao maofisa wakawa wanaitikia kwa adabu na kuendelea na yao. Tarehe 23 Februari 1966 Jadid akachoka na adabu. Vifaru vikaenda nyumbani kwa rais Amin al-Hafiz, mapigano yakawa makali, na waasisi wa chama wakakimbia nchi waliyoiota. Tangu siku hiyo Damascus ikamtangaza Arsuzi, yule mwalimu wa Alexandretta ambaye hakwenda mkahawani, kuwa ndiye baba halisi wa Baath. Novemba 1970 Assad naye akamfunga Jadid. Jadid alifia gerezani mwaka 1993.

Aflaq alihitaji pa kwenda, na hapa ndipo Iraq inapojiunga na hadithi kwa upya. Tarehe 17 Julai 1968 Baath ya Iraq ilirudi, safari hii ikishirikiana na maofisa wawili wenye funguo za Ikulu, Abd al-Razzaq al-Nayif na Ibrahim al-Daud. Walipeana vyeo, Ahmad Hassan al-Bakr urais, Nayif uwaziri mkuu. Siku 13 baadaye, Daud akiwa Jordan kukagua askari, Bakr akamkaribisha Nayif chakula cha mchana Ikulu. Baada ya kula, Saddam Hussein akaingia na bastola. Nayif akasindikizwa hadi uwanja wa ndege, akatiwa kwenye ndege ya Moroko.

Baath ya Iraq ilikuwa imejifunza somo la 1963 kwa upande wake: ukilitegemea jeshi, jeshi litakula. Kwa hiyo Saddam, ambaye hakuwahi kuwa askari, alijenga idara za usalama na wanamgambo wa chama, akaweka macho ya chama katika kila kikosi, na mwanajeshi kujihusisha na chama kingine likawa kosa la kifo. Syria jeshi lilikimeza chama. Iraq polisi wa siri wa chama walilimeza jeshi. Njia tofauti, na kituo cha mwisho kikawa kilekile, watu wa mji mmoja, Tikrit ya kina Saddam kule, Qardaha ya kina Assad huku.

Baath mpya ya Baghdad ilihitaji uhalali, na Aflaq alihitaji makao. Akapewa ofisi, heshima na cheo cha Katibu Mkuu. Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima ujue msamiati wao. Kwa Baath, taifa ni Waarabu wote, kutoka Moroko hadi Ghuba. Syria au Iraq si taifa, ni qutr, kipande, tuseme jimbo. Juu ya uongozi wa kila jimbo unakaa Uongozi wa Kitaifa, na huo ni mmoja tu kama imamu wa sala. Baada ya 1968 ikawa miwili, mmoja Damascus na mmoja Baghdad, kila mmoja ukidai kuwatawala Waarabu wote, wakiwemo wanachama wa upande wa pili. Kwa msingi huo serikali ya nchi nyingine si jirani mwenye makosa. Ni waasi wa ndani ya chama, na mwasi hana balozi wala udhuru.

Palitokea siku moja tu ya matumaini. Oktoba 1978, baada ya Misri kukubaliana na Israeli Camp David, Bakr na Assad walitia saini hati ya kuunganisha nchi zao. Kama ingetimia, Bakr angekuwa juu, Assad wa pili, na Saddam angekuwa nani? Julai 1979 Bakr alijiuzulu, "kwa sababu za kiafya", na Saddam akakalia kiti. Siku chache baadaye, tarehe 22, viongozi wa chama wakakusanywa ukumbini, kamera zikawashwa, na mwenzao mmoja akasimamishwa kusoma kwa sauti iliyopoa maelezo ya njama iliyofadhiliwa na Syria. Majina yakatajwa moja baada ya jingine. Kila aliyetajwa alisimama akatolewa nje, huku Saddam akivuta sigara kubwa ya Havana na waliobaki wakipiga kelele za utii. Zaidi ya 20 walihukumiwa kifo na kupigwa risasi na wanachama wenzao. Septemba 1980 Iraq ikaivamia Iran, na Damascus ikawa imekwishajua itasimama wapi.

Bitar alipigwa risasi akafa Paris tarehe 21 Julai 1980, katika mji uleule alikojuana na Aflaq. Aflaq naye alifia Paris, mwaka 1989. Baghdad ilimzika kwa heshima zote na kutangaza kwamba alikuwa amesilimu kabla ya kufa. Baath ya Iraq ilipigwa marufuku na Wamarekani mwezi Mei 2003. Ile ya Syria ilidumu hadi Bashar al-Assad, mwana wa Hafez aliyemrithi, alipokimbilia Moscow Desemba 2024. Siku tatu baadaye uongozi wa chama ukatoa tangazo fupi la kusimamisha shughuli zake: magari na silaha zikabidhiwe Wizara ya Mambo ya Ndani, mali zisimamiwe na Wizara ya Fedha. Kuvunjwa rasmi kulikuja tarehe 29 Januari 2025.